Wakala wa riwaya si dalali

Mjadala wowote wa waandishi kuhusu mawakala, wale wanaowatafutia wachapishaji na kusimamia mikataba yao, hufika haraka kwenye fungu lao la asilimia 15. Nimeandika riwaya miaka mitatu, mtu anasema, halafu aliyekaa London au New York akate asilimia 15 ya jasho langu, na kitabu kikiuzwa kwa tafsiri nchi nyingine akate 20? Huyo ana tofauti gani na dalali?

Hilo neno dalali ndilo linalotupoteza. Aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anamjua: unampa hela ya kwenda kuona, hata chumba kikiwa kinavuja, na ukikipenda unamlipa kodi ya mwezi mmoja. Siku unapokabidhiwa ufunguo kazi yake imekwisha, na hukuwahi kujua kama alikuwa upande wako au wa mwenye nyumba. Wakala wa riwaya halipwi kwa kuonyesha. Wakala anayeheshimika, Uingereza au Marekani, hatozi ada ya kusoma muswada. Akikukubali, anasoma, anakurudishia na maoni, unaandika upya, anapeleka kwa wahariri, anasubiri. Wakikataa wote, hapati hata senti. Mchapishaji akitoa malipo ya awali ya pauni 5,000, fungu la wakala ni pauni 750, kwa kazi ambayo huenda imemchukua mwaka mzima.

Hesabu hiyo nairudia mara nyingi, kwa sababu inaeleza kitu ambacho wengi wetu hukisoma kama dharau. Unatuma barua ya ukurasa mmoja, muhtasari na sura tatu za mwanzo, unangoja wiki 12, halafu kimya. Ni rahisi kuamini kwamba wamekuona huna maana. Lakini mtu anayelipwa tu kitabu kikiuzwa hawezi kuchukua miswada 200 kwa huruma. Kila muswada anaoubeba unakula saa za waandishi alionao tayari. Anaposema hapana, mara nyingi anasema hajui mhariri wa kumpelekea kitabu hicho. Inauma, najua, lakini si hukumu juu ya kipaji chako.

Asilimia hiyohiyo ndiyo kinga yako. Tukishazoea kumwona wakala kama dalali, tunaona kawaida kutozwa hela ya kuona chumba, na hapo ndipo matapeli wanapotupata: dola 300 za kusoma muswada, 500 za kuusajili. Wakala wa kweli huchukua pesa baada ya wewe kupata pesa. Anayeanza kwa kukuomba ana biashara nyingine.

Kuna jambo la haki za kitabu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa kurasa mbili, na kifungu kimoja kilisema namkabidhi mchapishaji haki zote, kwa lugha zote, kwa muda wote wa hakimiliki. Nilisaini nikiwa nimesimama, kwa furaha. Miaka sita baadaye mtu alitaka kuigeuza hadithi ile kuwa mchezo wa redio, nikagundua kwamba si mimi wa kumjibu. Wakala angekaa na kifungu kile na kukikatakata: Kiingereza cha Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa huyu, Marekani kwa yule, tafsiri, filamu na kitabu cha kusikiliza vibaki kwa mwandishi mpaka apatikane mnunuzi, na kitabu kikiacha kuchapishwa haki zirudi. Mwandishi anayeanza hana ubavu wa kuyadai hayo peke yake. Anaogopa nafasi itapotea.

Wapo wanaosema heri njia ya zamani, kupitia watu. Njia hiyo tunaijua ilivyokuwa. Juni 1962, kwenye mkutano wa waandishi wa Kiafrika pale Makerere, mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye alijiita Ngũgĩ wa Thiong'o, alimkabidhi Chinua Achebe muswada wake wa riwaya, na wachapishaji Heinemann wa London wakaitoa 1964. Tumshukuru Mungu kwa mkutano ule. Lakini Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo, hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa sababu mkutano uliitishwa kwa waandishi wa Kiingereza. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulitaja hilo kwa uchungu. Kujuana humfungulia aliyemo ukumbini. Barua kwa wakala, pamoja na ubaridi wake wote, inaweza kuandikwa na mtu wa Songea asiyemjua yeyote.

Upande wa pili una mashiko, tena mahali pengine yananizidi. Pesa za mwandishi hupitia kwanza kwenye akaunti ya wakala. Mwaka 2018 mhasibu wa Donadio & Olson, wakala wa New York aliyemwakilisha mwandishi wa Marekani Chuck Palahniuk, alikiri mahakamani kwamba aliiba fedha; kiasi kilikuwa takriban dola milioni 3.4. Palahniuk aliona mapato yake yakipungua bila kujua sababu.

Na kwa Kiswahili hesabu haisimami kabisa. Riwaya ya shilingi 15,000, mrabaha, yaani fungu la mwandishi, wa asilimia 10, nakala 1,000: mwandishi anapata milioni moja na nusu, na wakala 225,000. Hakuna atakayelipa pango la ofisi kwa hiyo. Mfumo mzima unaelekea kwenye pesa, na msomaji wetu hayupo huko. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyofika orodha fupi ya Tuzo ya Booker ya Uingereza, ilisomwa kwa Kiswahili 2022, ikiitwa Peponi kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28, na Tuzo ya Nobel katikati, kwa kitabu cha mtoto wa Zanzibar kufika lugha ya Zanzibar.

Kwa hiyo anayeandika kwa Kiingereza na kutaka kuuza London au New York, namshauri atafute wakala, tena kwa subira ya mtafiti. Aanzie ukurasa wa shukrani wa riwaya zinazofanana na yake; waandishi humtaja wakala wao hapo kwa jina. Asome wakala huyo anataka nini mwaka huu: Waingereza wengi huomba sura tatu, Wamarekani wengi barua na kurasa chache za mwanzo. Atume kwa watano au sita, asubiri, arekebishe barua, ndipo atume tena. Na riwaya iwe imekwisha, si nusu.

Anayeandika kwa Kiswahili, mlango wake kwa sasa ni tuzo: ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, na ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mara ya kwanza 2023. Zinasoma miswada ya watu wasiojulikana, na washindi huchapishwa. Ila siku mkataba utakapoletwa mezani hatakuwa na mtu upande wake. Auchukue aende nao nyumbani, amlipe mwanasheria saa moja ya kuusoma, na palipoandikwa haki zote aombe paandikwe haki ya kuchapa kwa Kiswahili, kwa miaka kadhaa inayotajwa kwa tarakimu.