Nimesikia kila kitu isipokuwa kwaya

Hivi aliyekuja na wazo la kuitoa kwaya nje alikuwa na ugomvi gani na kanisa? Maana kanisani kuna kuta jamani. Sauti ikitoka inagonga ukuta inarudi, hata koo la kuungaunga linaonekana koo. Sasa unachukua watu na majoho yao unawapanga kwenye nyasi, wiki ya Krismasi, bustani ya katikati ya mji, na mji wenyewe ni Dodoma, upepo wa hapa mnaujua, halafu unategemea mimi niliyekaa nyuma karibu na muuza ubuyu nisikie sauti ya tatu imeingilia wapi.

Mwenyewe nisingeenda. Ila mama mkwe alikuwa ametoka Kongwa kuja kula sikukuu kwetu, na mama mkwe kaimba kwaya tangu mama watoto hajazaliwa, akasikia matangazo ya gari yanapita mtaani, tamasha la kwaya, kiingilio bure, wote mnakaribishwa. Mama watoto akaniangalia. Lile jicho nalijua, halina haja ya maelezo.

Na hiyo bure sasa. Bajaji toka Nkuhungu bei ya sikukuu, ukiuliza kwa nini unaambiwa "bosi si unaona msimu". Watoto wakataka puto, la mdogo likapasuka hata hatujakaa ikabidi linunuliwe lingine ili asilie mbele ya bibi yake. Ukwaju, mishkaki, maji baridi ya mkwe. Kiingilio kweli sijatoa, hapo siwasingizii.

Tumefika viti vya mbele vitupu. Masofa yamevalishwa vitambaa vyeupe, hakuna hata mtu, na kijana mwenye kitambulisho shingoni anafukuza kila anayesogea. Ni vya wageni. Tangu serikali ihamie huku, Dodoma hata ukifungua banda la kuku lazima awepo mgeni rasmi, na mgeni rasmi lazima achelewe, akiwahi watu watamtilia shaka. Ratiba ilisema saa kumi na moja jioni. Giza linaingia emsii bado yupo "cheki, cheki maiki, baada ya dakika chache zijazo". Mgeni akaja, akasimama, akasema itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya yeye mwenyewe, mheshimiwa fulani, mheshimiwa fulani na mama, baba askofu, wazee wetu, hadi kamati ya viti na jukwaa. Wanakwaya wamesimama muda wote ule na nota mkononi, kuna dada mmoja wa mstari wa mbele alikuwa anabadilisha mguu, wa kulia, wa kushoto, wa kulia.

Mimi nako nina kesi yangu. Jana yake ilikuwa imenyesha, mvua za Desemba si ndo zinaanza, nyasi zimelowa, na viti ni vile vya plastiki. Ukikaa mguu mmoja wa kiti unaanza kuzama taratibu. Husikii kitu, unashangaa tu unamwegemea mzee wa watu usiyemjua. Unanyanyuka unachomoa kiti, unahamisha, mguu mwingine unazama, sasa umeangukia upande wa mkwe, na upande huo ndo usijaribu kabisa, bora udongo ukumeze.

Haya wakaanza. Maiki zilikuwa mbili tu na zote wamepewa sauti ya kwanza, watu ambao hata bila maiki Manyoni, kule mkoa wa Singida, wanapatikana. Besi wamepangwa ubavuni mwa jenereta, na jenereta nayo inaunguruma besi hiyo hiyo, kuna wimbo mmoja nimesikiliza besi nzuri sana imetulia, wimbo ukaisha besi ikaendelea. Ng'ambo ya barabara kuna baa wameachia singeli. Bodaboda wanapiga honi. Mbele yangu simu zimeinuliwa juu kila mtu anarekodi, kwaya yote nimeiangalia kwenye kioo cha simu ya mwenzangu, na katikati ya wimbo akapigiwa, jukwaa likapotea likatokea jina "Fundi Bomba".

Kwaya niliyoisikia vizuri ni moja, mama mkwe. Yeye ni sauti ya pili na nyimbo zote anazijua, na haimbi kwa kujificha. Jukwaani wakikosea anasimamisha, anarudia pale pale kwa usahihi, anaendelea. Watu wanageuka wananiangalia mimi. Mimi nifanyeje? Mkwe humwambii anyamaze. Nikawa natabasamu na kuitikia kwa kichwa kama mtu aliyemkodi.

Na kinachoniuma zaidi hapa ni Ugogo, watu wa huku kuimba nje siyo shida hata kidogo. Akina mama wa muheme, ile ngoma ya Wagogo, wanabana ngoma katikati ya mapaja, hakuna spika, hakuna jenereta, na kijiji cha pili wanajua kuna shughuli. Marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na zeze na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, dunia ikanyamaza kumsikiliza. Lakini muheme siku hiyo wakapangiwa kumsindikiza mgeni rasmi kwenye gari. Yaani wanaosikika ndo wamepewa maegesho.

Wakafika kwenye Haleluya ya yule mtunzi Handel, ile iliyomo kwenye kazi yake ya Masihi. Emsii akasema tusimame wote, ni utaratibu wa dunia. Yule mzee niliyekuwa namwegemea akanipa historia nzima sikioni, kwamba eti mfalme wa Uingereza aliwahi kusimama ndo maana na sisi tunasimama, na kwamba kazi yenyewe iliimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742. Aprili! Nikamwambia sasa mzee hiyo si ni Pasaka, hapa tunafanya nini nayo Desemba? Akanishushua, "wewe simama".

Nikasimama. Ndo taa kubwa za jukwaani zikaita kumbikumbi.

Mvua ya kwanza, taa nyeupe, mlitegemea nini? Wakaja wingu zima. Na Haleluya huwezi kuimba umefunga mdomo. Yule wa sauti ya tatu wa pembeni nilimwona kwa macho yangu kaingia "Ha", akafunga, akawaza, akameza, akatokea kwenye "luya" akiwa sawa kabisa na wenzake. Huyo ndo mwanamuziki pekee niliyemheshimu usiku ule. Mwalimu wa kwaya anapunga mikono, hujui anaongoza au anajitetea, wakamfuata tu, wimbo ukaisha dakika nzima kabla ya kinanda.

Kugeuka, mkwe hayupo. Yuko chini ya taa na watoto wangu wote, kavua kitambaa cha kichwa, anazoa. "Baba, hizi mjini mnaziacha hivi hivi?" Akafunga fundo, tukapanda bajaji. Kufika karibu na Sabasaba fundo likafunguka. Kumbikumbi kwenye kioo, kwenye shingo ya dereva, mama watoto anapiga kelele, watoto wanacheka, mkwe anakusanya anasema taratibu jamani msizikanyage.

Dereva akaegesha. Akajipangusa, akatuangalia mmoja mmoja, akaniambia bosi, tulikubaliana watu watano.