Kuanza kwa kusimama au kwa mwendo: wapi pana haki zaidi?

Mbio za magari huanza kwa njia mbili. Katika langalanga za Formula 1, magari husimama kwenye nafasi zao na kuondoka taa nyekundu tano zinapozimika. Katika Indianapolis 500, mbio za Marekani, tangu 1911, magari huongozwa kwa mwendo, na bendera ya kijani ikipepea kila dereva hukanyaga mafuta.

Wanaotetea kuanza kwa mwendo wana hoja nzito. Gari lililosimama hupimwa mshiko wa tairi kabla ya nguvu ya injini. Linapochomoka, uzito huhamia nyuma. Linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma hunufaika, na la magurudumu ya mbele huzungusha tairi bure. Mashindano ya dunia ya magari ya saluni, WTCC, yalikutanisha BMW za aina ya kwanza na SEAT na Chevrolet za aina ya pili. Kwa misimu kadhaa mbio za kwanza zilianza kwa mwendo, za pili kwa kusimama. Magari yasipolingana kimuundo, naona huo ni mgawanyo wa haki.

Kuna pia suala la usalama, na halipaswi kupuuzwa. Mwaka 1982 huko Montreal, katika Formula 1, gari la dereva Didier Pironi lilizimika mbele kabisa wakati wa kuondoka. Riccardo Paletti, aliyetokea nyuma, aliligonga akafa.

Hata hivyo, magari yakiwa ya aina moja, mimi naunga mkono kusimama. Kuanza kwa mwendo humpa aliye mbele madaraka makubwa mno: ndiye anayeamua kasi, na anayemfuata hubaki kubahatisha. NASCAR, mbio za magari za Marekani, wakati wa kuanza upya mbio zikiwa zimesitishwa kwa muda, imelazimika kuchora eneo maalumu ambamo kiongozi lazima aongeze kasi. Walio katikati ya msafara nao huweza kuwa bado kwenye kona wakati wa mbele wameshafyatuka. Zaidi ya yote, aliyeondoka kabla ya wakati hutambuliwa kwa kiasi kikubwa na jicho la mwamuzi, na jicho hubishaniwa.

Gari lililosimama halina ubishi huo. Katika Formula 1 ya Austria 2017, dereva Valtteri Bottas aliondoka haraka kiasi kwamba wapinzani walidhani ameondoka kabla ya taa kuzimika. Vipimo vilionyesha sekunde 0.201 baada ya taa kuzimika, akaachwa na ushindi wake. Kuachia klachi kwa kipimo sahihi ni ufundi wa dereva, na sioni kwa nini ufundi huo usihesabiwe. Hata Formula 1 yenyewe, mvua ikilazimisha kuanza nyuma ya gari la usalama, linalowaongoza wote polepole, tangu 2017 inaweza kuyarudisha magari yasimame na kuanza rasmi njia ikishafaa.

Kasoro inayoniudhi ni upande mchafu wa barabara, usiopitiwa na magari, ambako tairi hukosa mshiko. Suzuka, Japani, 1990, dereva Ayrton Senna aliongoza mchujo, yaani majaribio ya kupanga nafasi za kuanzia, lakini akapangwa upande huo. Aliomba kuhamishwa, akakataliwa. Alain Prost, aliyekuwa wa pili, akamtangulia, na kwenye kona ya kwanza Senna akamgonga makusudi. Kitendo hicho hakitetewi, lakini dai lake lilikuwa la haki. Kanuni ingempa aliyeongoza mchujo haki ya kuchagua upande, na kila dereva atangaze chaguo lake mapema, kabla mchujo wenyewe haujaanza, ili wapinzani wote wajue wanachokishindania.