Faili mbili, kompyuta moja: cmp inasahaulika bure

Waulize mafundi wa Linux namna ya kuhakikisha faili mbili ni sawa, na wengi watakimbilia sha256sum, amri inayokokotoa namba ya herufi 64 kutokana na yaliyomo ndani ya faili: kokotoa kwa kila faili, kisha tazama kama zile herufi 64 zinafanana. Ni jibu sahihi pale faili zinapokaa kwenye kompyuta mbili zilizo mbalimbali, au mtengenezaji anapotangaza namba zake ili uzilinganishe na ulichopakua. Hapo cmp, amri inayolinganisha faili mbili baiti kwa baiti, haina la kufanya, maana inataka faili zote mbili ziwe mbele yake.

Zikiwa kwenye mashine moja, mambo yanageuka. Faili mbili za GB 4, sha256sum itazisoma zote hadi mwisho, hata kama zimeachana kwenye baiti ya kwanza. cmp husimama palepale inapokuta tofauti. Zikiwa sawa nayo itazisoma zote, ila bila ukokotoaji. Na kubwa kuliko muda: sha256sum inakuachia namba mbili zisizofanana, basi, cmp inakuonyesha mahali zilipoachana.

Chukua CSV mbili (faili za jedwali, safu zikitenganishwa kwa koma) zinazoanza na jina,simu,kiasi. Kwa macho ni pacha, lakini diff, amri inayoonyesha tofauti mstari kwa mstari, inadai kila mstari umebadilika. Andika cmp -b a.csv b.csv, nayo itajibu:

a.csv b.csv differ: byte 16, line 1 is 15 ^M 12 ^J

Kichwa kina herufi 15, kwa hiyo baiti ya 16 ndiyo mwisho wa mstari. Thamani hizo zimeandikwa kwa mfumo wa nane: 12 ni alama ya mstari mpya, 15 ni ile ambayo Windows huitanguliza. Tatizo limeshikwa kwenye baiti moja. Sasa ipe diff chaguo la --strip-trailing-cr, na zitabaki tofauti za kweli tu.

Udhaifu wa cmp upo, na si mdogo. Inalinganisha kwa nafasi: ongeza baiti moja mwanzoni, vyote vinavyofuata vinasogea, na cmp -l, inayoorodhesha kila baiti iliyotofautiana, inamwaga maelfu ya mistari isiyosaidia. Maandishi yaliyohaririwa ni kazi ya diff -u.

Lawama isiyo ya haki ni ile ya flashi. Mtu ameandika faili ya ISO (nakala ya diski nzima) kwenye flashi, akailinganisha kwa cmp, akaona "EOF on" (yaani mwisho wa faili) na jina la ISO, akadhani imeharibika. Sivyo: ISO imekwisha kabla ya flashi, na baiti zake zote zimelingana. Tumia -n, inayoweka kikomo cha baiti za kulinganisha, na ukubwa wa ISO kwa baiti, ujumbe hautatokea. Kabla ya hapo chomoa flashi uichomeke tena, la sivyo huenda ukasoma kilichobaki kwenye RAM.

Kwenye skripti, cmp -s hunyamaza na kurudisha 0 kwa sawa, 1 kwa tofauti, 2 kwa hitilafu. Faili ikikosekana inarudisha 2, kimya vilevile. Anayeandika "kama si 0, nakili upya" amechanganya faili iliyobadilika na faili isiyokuwepo, kwa hiyo pima 1 na 2 kila moja peke yake.