Tathmini ya mazingira iandikwe kana kwamba kisima kitatoka kikavu

Ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira katika utafutaji wa mafuta na gesi nchi kavu zinakubaliana kwenye jambo moja: kwamba athari zitakuwa ndogo na za muda, kwa sababu huu ni utafutaji tu, uzalishaji bado. Naipinga hoja hiyo. Visima vingi vya utafutaji, hasa kwenye mabonde ambayo hayajawahi kuchorongwa, havikuti kitu cha kuuza. Mtambo wa kuchoronga unafunguliwa vipande, unapakiwa, unaondoka. Inabaki barabara, inabaki kiwanja cha kokoto, linabaki shimo la tope na bomba lililozibwa kwa saruji ardhini. Uzalishaji ukija, utakuja na fedha, wafanyakazi na tathmini nyingine. Kisima kikavu hakiji na chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo anayeandika tathmini ya utafutaji aichukulie kwamba hakuna atakayerudi kurekebisha, kisha ahesabu kila kitu kwa msingi huo.

Nasema ahesabu kwa sababu ripoti nyingi hazihesabu. Zinaeleza.

Chukua barabara. Tuseme kisima kipo kilomita 12 kutoka barabara kuu, na njia ya kuingilia pamoja na mitaro yake ina upana wa mita 8. Hizo ni mita za mraba 96,000, yaani hektari 9.6. Kiwanja cha mtambo chenyewe ni hektari 2. Ripoti itatumia kurasa thelathini kwa kiwanja na aya mbili kwa barabara, wakati barabara imemeza ardhi karibu mara tano zaidi. Endelea: njia ya kupita magari ikiwa na upana wa mita 6 na kifusi cha unene wa sentimita 20, unahitaji mita za ujazo 14,400 za kifusi. Kwa lori la mita za ujazo 15, hizo ni safari 960 za kwenda na 960 za kurudi kabla mtambo haujafika. Kifusi hicho kinachimbwa wapi? Mashimo yake yatafukiwa na nani? Mara nyingi ripoti haina ramani ya machimbo hayo, kwa kuwa inaachiwa mkandarasi wa barabara, naye hakuhojiwa wakati wa tathmini.

Kalvati nazo. Barabara iliyoinuliwa sentimita 40 tu juu ya uwanda tambarare ni bwawa. Upande mmoja maji yanatuama, upande wa pili miti inaanza kukauka msimu unaofuata. Mwandishi wa tathmini anatakiwa kutembea njia hiyo yote kwa miguu, aweke alama ya GPS kila mahali maji yanapopita, hata pakiwa pakavu siku hiyo, na aonyeshe ukubwa wa kalvati kwa kila alama. Halafu aseme kinagaubaga kama barabara itabaki au itang'olewa, kwa sababu barabara mpya msituni haichagui mpitaji: mchoma mkaa, mwindaji na mpasua mbao wote wataitumia.

Hatua ya mitetemo, yaani kupima miamba ya chini kwa mawimbi ya mtetemo kabla ya uchorongaji, huonekana nyepesi zaidi, na kwa kweli inaweza kuwa nyepesi ikifanywa kwa akili. Kilomita 300 za mkuza, yaani njia inayofyekwa kupitishia vipimo, wenye upana wa mita 5 ni hektari 150. Ukipunguza upana uwe mita 2, inabaki hektari 60, na kazi ni ileile: nyaya na jiofoni, vile vidude vya kunasa mtetemo, hazihitaji barabara ya lori. Malori mazito ya kutikisa ardhi ndiyo yanayohitaji upana, kwa hiyo swali la kwanza ni kama eneo husika linawahitaji. Katika misitu ya Alberta, Kanada, mikuza iliyokatwa miongo kadhaa iliyopita bado inaonekana kutoka angani, na mbwa mwitu huitumia kama barabara kuwafikia karibuu, aina ya kulungu wa nchi za baridi. Ukataji mpya huko umepunguza upana na kuipinda mikuza ili isionekane mbali. Ni jambo dogo la kuandika kwenye mkataba: mkuza usinyooke kwa umbali mrefu mfululizo, miti mikubwa izungukwe, mashina yakatwe juu ya ardhi na mizizi isiguswe. Katapila likishakwangua udongo wa juu, umepoteza mbegu zote zilizokuwamo.

Pale baruti inapofukiwa kwenye matundu ili kutoa mtetemo badala ya malori, uliza matundu hayo yanazibwaje. Tundu la mita 10 au 15 lililoachwa wazi ni mfereji wa maji machafu kuelekea chini. Uliza pia daftari la baruti zilizogoma kulipuka. Kila moja iwe na namba, mahali ilipo, na saini ya aliyethibitisha kwamba imelipuliwa au kuondolewa.

Sasa tuingie kwenye shimo la tope, maana hapa ndipo namba zinapopigwa chenga kuliko mahali pengine. Tope la kuchorongea ni maji, udongo wa bentonaiti, madini ya baraiti ya kuongeza uzito, mara nyingi chumvi ya kloridi ya potasiamu na kemikali nyingine. Linazunguka kisimani, linatoka na vipande vya mwamba, linachujwa, linarudi. Vipande na tope lililochakaa huenda shimoni. Ujazo wa vipande si siri. Unapatikana kwa kikokotoo cha simu. Kisima chenye sehemu ya mita 500 kwa kipenyo cha inchi 17½ kinatoa mita za ujazo 78 za mwamba. Mita 1,500 zinazofuata kwa inchi 12¼ zinatoa 114. Mita 1,000 za mwisho kwa inchi 8½ zinatoa 37. Jumla 229. Lakini kuta za kisima humomonyoka, ongeza asilimia 15, tumefika 263. Mwamba uliosagwa na kulowa tope hujaa karibu mara mbili, tumefika zaidi ya 520. Na bado hatujaweka tope lenyewe linalotupwa kila sehemu ya kisima inapomalizika, ambalo mara nyingi hupita ujazo wa vipande.

Lipime shimo la mita 30 kwa 20 lenye kina cha mita 2. Kwenye karatasi ni mita za ujazo 1,200. Ukiacha sentimita 60 juu bila kujazwa, kama inavyopaswa, zinabaki 840. Kuta zikiwa na mteremko, kama zinavyolazimika kuwa ili udongo usiporomoke, zinapungua tena. Halafu inanyesha mvua ya milimita 100 kwa siku moja, na mita za ujazo 60 za maji zinaingia kwenye uso wa shimo peke yake, achilia mbali yanayotiririka kutoka kiwanjani. Shimo linafurika katikati ya usiku, si kwa uzembe wa mlinzi, bali kwa sababu aliyeandika ripoti alizidisha urefu, upana na kina akaishia hapo.

Binafsi naona mashimo ya udongo yanapaswa kuachwa kabisa pale ambapo maji ya chini yapo karibu, na matangi ya chuma yatumike. Pale yanaporuhusiwa, plastiki nzito ya chini iwe imeunganishwa kwa joto na kila kiungo kijaribiwe. Kuipishanisha na kuikandamiza kwa mawe hakutoshi. Mwisho wa kazi, kufukia shimo likiwa bado na uji ndani ni funika kombe mwanaharamu apite: plastiki inachanika, ardhi inatitia, na baada ya misimu miwili chumvi inatokeza juu na majani hayaoti.

Kinachofuata kinaonekana kama kazi ya wahandisi peke yao, nacho ni bomba la kinga la juu, yaani bomba la chuma linalotenganisha kisima na udongo na maji yanayokizunguka. Ripoti itasema bomba litawekwa kulinda maji ya chini. Hadi kina gani? Kama kisima cha maji cha jirani kinavuta kutoka mita 140 na bomba la kinga linaishia mita 120, hakuna kilicholindwa. Tathmini lazima ionyeshe mchoro mmoja wenye vitu viwili kwa pamoja: kina cha maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya chini kabisa yanayojulikana, na kina cha bomba. Saruji nje ya bomba iinuke hadi juu ya ardhi ionekane kwa macho. Isipoonekana, kuwe na hatua iliyoandikwa mapema: kupima saruji imefika wapi na kuijaza kutoka juu, kabla uchorongaji haujaendelea.

Uamuzi kuhusu mabomba ni uamuzi wa mazingira. Mei 2006, huko Sidoarjo, Java Mashariki nchini Indonesia, tope la moto lilianza kububujika takriban mita 200 tu kutoka kisima cha utafutaji wa gesi cha Banjar Panji-1. Kisima kilikuwa kimefika mita 2,834, na bomba la kinga la mwisho lilikuwa limeishia mita 1,091. Chini ya hapo kulikuwa wazi. Wanasayansi wamebishana kama chanzo ni uchorongaji au tetemeko la Yogyakarta lililotokea siku mbili kabla. Ubishi huo ni halali. Lakini zaidi ya mita 1,700 za kisima bila kinga lilikuwa jambo la kuhojiwa kwenye tathmini hata kama tetemeko lisingetokea. Vijiji vilifunikwa na makumi ya maelfu ya watu wakahama.

Kuhusu gesi yenye haidrojeni salfaidi nitasema machache yaliyo ya lazima. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni, na ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni pua huacha kuinusa. Desemba 2003 kisima cha gesi kilifumuka na kumwaga gesi hiyo kaunti ya Kai, Chongqing, China, wakafa watu 243, wengi wao wanakijiji. Ramani ya upepo wa usiku na orodha ya nyumba zilizo bondeni ni sehemu ya tathmini, si kiambatisho cha usalama kazini.

Majaribio ya kisima, yaani kuitoa gesi na kuichoma ili kupima inavyotoka, nayo yahesabiwe. Mita za ujazo 280,000 za gesi kwa siku zikichomwa siku mbili hutoa takriban tani 1,000 za kaboni dioksidi. Mwenge wa kuchomea gesi unaounguza asilimia 98 yake unaachia tani 7.6 za methani, na kwa kuwa methani hupasha joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi katika miaka 20, hizo ni sawa na tani 600 nyingine. Mwenge ukiyumba kwa upepo, namba hiyo ya pili inapanda haraka.

Haya yote hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa kama hali ya awali haikupimwa. Ziara moja ya siku tano wakati wa kiangazi si kipimo cha hali ya awali. Maji yapimwe masika na kiangazi, kila kisima na chemchemi ndani ya angalau kilomita 2. Bariamu ipimwe kwa sababu imo kwenye baraiti ya tope; kloridi kwa sababu ya chumvi ya tope na ya maji ya chumvi yaliyo chini zaidi ya maji baridi; benzeni na methani kwa sababu ndivyo vitakavyolalamikiwa. Methani ina mtego wake: ukichota maji kwa ndoo ukayamimina kwenye chupa, gesi imeshatoroka na maabara itaandika sifuri. Chupa ijazwe kwa mpira ulioingizwa hadi chini yake, ifurike, ifungwe bila povu hata moja, iwekwe kwenye barafu. Sifuri ya uongo kabla ya kazi ni kesi ambayo haitamalizika baada ya kazi, kwa sababu methani iliyokuwapo kiasili itadaiwa kuwa ya kampuni, au ya kampuni itadaiwa kuwa ya asili. Chupa ya pili ya kila sampuli iende maabara nyingine, na mwenye kisima apewe nakala ya matokeo kwa lugha anayoisoma.

Mwisho ni fedha za kufunga. Dhamana ya benki iwekwe kabla ya kuchoronga, na mamlaka iweze kuichukua bila kuomba ridhaa ya kampuni. Kiasi chake kitokane na hesabu zilezile za ripoti: plagi (vizibo) za saruji ndani ya kisima, kila moja ikiwa imejaribiwa kwa uzito au shinikizo, kichwa cha kisima kukatwa chini ya kina cha jembe, mita za ujazo za taka mara gharama ya kusafirisha, hektari 9.6 za barabara kulegezwa na kupandwa. Sehemu ya dhamana ibaki imezuiwa hadi visima vilevile vya maji vipimwe tena mara mbili, masika moja na kiangazi kimoja, kwa vipimo vilevile na maabara zilezile, chupa zikijazwa kwa mpira hadi chini.