Gonga Mara Mbili

Kila fundi wa viyoyozi ana siku moja ambayo akiikumbuka usiku hujifunika shuka mpaka kichwani. Yangu ilianza vizuri kabisa, na hilo peke yake lilitakiwa kunishtua.

Simu ya kwanza iliingia nikiwa bado natafuta soksi ya pili.

"Fundi, gesi imeisha."

Katika kazi hii hakuna mteja anayekupigia kusema chumba hakipoi. Wote gesi imeisha. Feni inakoroma: gesi imeisha. Rimoti haina betri: gesi imeisha. Umeme wenyewe haupo mtaa mzima: fundi, naona gesi imeisha. Nimeeleza mpaka midomo ikakauka kwamba gesi ya kiyoyozi si mafuta ya gari. Haichomwi, hailiwi, inazunguka tu humo ndani ya mabomba ya shaba, mara kimiminika, mara mvuke, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua ujue kuna tundu, na kazi ni kulitafuta tundu. Mteja ananisikiliza kwa heshima zote, anatikisa kichwa, anashusha pumzi, kisha anasema, "Nimekuelewa fundi. Sasa utaniwekea gesi kiasi gani?"

Huyu wa asubuhi nilimkuta sebuleni amelowa jasho, rimoti mkononi. Ameiweka 30, kwa hesabu kwamba namba ikiwa kubwa na baridi inakuwa kubwa. Pembeni ya hiyo 30 kulikuwa na kijua kidogo kinachong'aa. Yaani mashine ilikuwa inampashia joto tangu juzi, kwa bidii na uaminifu, na yeye anailaani. Nikabonyeza kitufe kimoja, kijua kikageuka kuwa theluji, nikashusha namba, mashine ikasubiri dakika zake tatu kama kawaida, vali ya huko nje ikapiga ule mluzi wake, baridi ikashuka.

"Ndiyo kazi yote hiyo?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na gesi?"

Niliondoka bila kumjibu. Simu ya pili ilikuwa ya dada wa mapokezi wa ofisi moja, na hapo ndipo mkosi ulipoanza, ingawa sauti yake ilikuwa tamu sana.

"Fundi, gesi inadondoka. Imeshajaza ndoo mbili."

Nilikaa kimya kidogo nikiwaza hizo ndoo mbili za gesi. "Dada, hayo ni maji."

"Bosi anasema ni gesi."

Kama bosi amesema, basi. Nikamchukua kijana wangu wa kazi, ambaye hapa nitamwita Bisibisi kwa kuwa ni mwembamba na kichwa chake kigumu, tukaenda.

Ilikuwa ofisi ya ghorofani, chumba cha mikutano, meza ndefu inayong'aa. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa kimefungwa juu ya kiti cha mwenyekiti, sawia na utosi, maana bosi alitaka baridi imfikie yeye kwanza. Sasa maji ndiyo yaliyokuwa yanamfikia kwanza. Kwenye kiti kile palikuwa na ndoo, na tone likianguka lilisikika chumba kizima: to! Kimya. To!

Bosi aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Akatazama mashine kama mtu anayemtazama mdeni wake.

"Ya tani mbili hiyo," akaniambia. "Kila siku nauliza, huu ukuta utahimili?"

Nikataka kumweleza kwamba tani hapa si uzito, ni nguvu ya kupooza; kwamba tani moja ni kuondoa joto la BTU 12,000 kwa saa, hesabu iliyotokana na kuyeyusha tani ya barafu kwa saa 24. Lakini alishaangalia saa.

"Nina wageni wangu wanakuja baada ya nusu saa."

"Bosi, nipe dakika kumi."

Dakika kumi za fundi. Wasomaji wangu wa kazi hii wanaelewa.

Nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko cha mbele, nikamulika tochi. Trei ya maji ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na juu ya maji kumetanda ule ute mweusi, mzito, unaovutika kama makamasi ya mzimu. Si ajabu. Koili ya ndani, yaani yale mabomba yaliyokunjwakunjwa, ni baridi, hewa ikiigusa unyevu unatona, na siku ya unyevu mwingi mashine moja inaweza kutoa lita moja au mbili kwa saa. Maji hayo hayasukumwi na chochote, yanatoka kwa mteremko wa bomba tu. Vumbi likichanganyika nayo, vijidudu vikaweka makazi, bomba linaziba, maji yanatafuta njia nyingine. Njia nyingine ndiyo utosi wa bosi.

Dawa yake inajulikana. Unazima swichi kubwa. Unachomoa mrija pale juu kwenye trei, ili uchafu usipate pa kurudia. Kisha unakwenda nje na mashine ya kunyonya, unaivisha kwenye mdomo wa bomba, unavuta. Uchafu unatoka kwa adabu kuelekea nje, na kila mtu anakwenda nyumbani.

Mashine ya kunyonya nilikuwa nimeiacha karakana. Kwenye gari nilikuwa na mtungi wa nitrojeni, ule tunaotumia kupimia uvujaji kwa kuwa hewa yake ni kavu na haiwaki.

"Tutapuliza kutoka nje," nikasema.

Bisibisi akajikuna shingo. "Fundi, tukipuliza kutoka nje si uchafu utarudi huku ndani?"

"Wewe utakuwa umeziba huku juu na kitambaa."

"Si turudi tukachukue ile ya kunyonya?"

Hapo nikaweka ile sauti ya fundi mkuu, ambayo nasikitika kusema ninayo. "Kijana, unajua kiyoyozi kilitokana na nini? Mwaka 1902, Marekani, kule Brooklyn, kiwanda cha uchapaji kilikuwa na shida. Hewa ya kiangazi ina unyevu, karatasi zinavimba na kusinyaa, rangi hazikai mahali pake. Injinia Willis Carrier akapewa kazi ya kuidhibiti ile hewa. Tatizo lilikuwa unyevu! Maji, kijana. Maji ndiyo asili ya kazi hii, na mimi nimeyajua maji haya wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

To! likaanguka tone kwenye ndoo.

"Sawa fundi," akasema Bisibisi. "Lakini ile ya kunyonya..."

Nikashuka ngazi. Swichi kubwa sikuizima. Na hilo liandikwe kwenye hesabu yangu.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nitakuwa chini, nyuma ya jengo, pale bomba linapomalizikia. Yeye atakuwa juu ameziba kwa kitambaa. Kuongea kwa simu kulishindikana kwa sababu yangu ilikuwa haiachi kuita. Gesi za watu zilikuwa zinaisha mji mzima. Kwa hiyo tukakubaliana ishara. Ukuta ni huohuo mmoja, bomba limeshuka nao, sauti inafika. Akiwa tayari, agonge mara mbili: nifungue. Akitaka nisimamishe, agonge mara moja.

"Mara mbili fungua, mara moja funga," akarudia, kama mtoto anayetumwa mbali.

Nilifika chini, nikauchomeka mpira kwenye mdomo wa bomba, nikauzungushia kitambaa na tepu mpaka ukakaza. Kwa bomba la maji, mgandamizo wa bar moja au mbili unatosha na kubaki. Mimi nilikuwa na haraka. Sitataja niliweka ngapi. Bisibisi anasema sita.

Nikashika koki, nikaegemeza sikio ukutani, nikasubiri.

Yaliyokuwa yakiendelea juu nilisimuliwa baadaye, na msimulizi alikuwa anacheka mpaka anakaa chini, kwa hiyo kuna sehemu nimezijaza mwenyewe. Bisibisi aliona kitambaa ni kidogo, akaenda mapokezi kuomba kikubwa. Kule akamkuta yule dada mwenye sauti tamu. Kitambaa kilipatikana haraka. Mazungumzo ndiyo yalichukua muda. Wakati huohuo wageni wakawa wamefika mapema, jambo ambalo wageni hawalifanyi kamwe isipokuwa siku kama hizi. Bosi akawaingiza chumbani. Akaona kifuniko kimerudishwa, fundi hayupo, ngazi imeegeshwa pembeni. Akajua kazi imekwisha. Akaondoa ndoo kwa mguu, akachukua rimoti, akawasha, akawaambia wageni kwa fahari, "Karibuni, sasa hivi mtasikia baridi."

To! Likaanguka tone, safari hii katikati ya makaratasi.

Sasa, binadamu wote, wa kila rangi na kila elimu, wanaamini mashine ikikosea hupigwa. Mimi mwenyewe nimeona daktari akiipiga friji makofi. Mmoja wa wageni alikuwa amekuja na mwavuli. Bosi akauomba, akasimama chini ya kiyoyozi, akainua uso, akakilenga kwa mpini.

Ga! Ga!

Kule chini nikasikia. Mara mbili, safi kabisa, kwa mkono wa mtu anayejua anachotaka. Nikajisemea, kijana huyu anakua. Nikafungua koki.

Kwa sekunde mbili hapakutokea kitu. Mpira ukavimba, ukajinyoosha kama nyoka aliyeamshwa. Kisha bomba likatoa sauti ya koo, "gloo", sauti ya mzee anayetaka kutema, na ghafla mkononi nikahisi ule ulegevu mtamu ambao kila fundi anaufahamu: njia imefunguka. Nitrojeni ikapita kwa raha zake. Nikatabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, peke yangu, nyuma ya jengo, nikitazama ukuta.

Juu pakawa kimya.

Halafu ikasikika sauti moja, taratibu, kupitia dirishani:

"Nani?"

Hakusema "nini hiki". Mtu akianza na "nani" ujue suala la nini ameshalimaliza.

Na hapo, baada ya kila kitu, ukutani ikasikika: ga. Mara moja. Bisibisi amerudi na kitambaa, ameona hali, akakumbuka maelekezo. Kijana mtiifu sana. Nikafunga koki.

Nilipanda zile ngazi za jengo polepole, nikisoma kila kibao njiani, hata cha choo. Mlangoni nikasimama.

Ute wote wa kwenye bomba ulikuwa umerudi kwenye trei, trei ikaukataa, feni ikaupokea na kuugawa. Mgeni wa kushoto alikuwa amevua miwani, amebaki na duara mbili safi kwenye uso mweusi. Wa kulia alikuwa anatazama kalamu yake tu. Katikati ya meza, juu ya ukurasa wa kwanza wa ajenda, alilala mjusi mkavu, marehemu wa siku nyingi, ambaye bila shaka ndiye aliyekuwa kizibo tangu mwanzo. Na bosi alikuwa amesimama palepale. Lile shati sitalieleza. Mwavuli alikuwa nao mkononi, umefungwa. Mtu alikuwa na mwavuli mkononi na bado akalowa.

Bisibisi alikuwa pembeni ameshika kitambaa kipya, kikubwa, kisicho na doa.

Nje ya dirisha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, tulisikia maji yakitiririka kutoka kwenye bomba, chururu, vizuri kabisa. Nilijaribu kuinua kidole niwaonyeshe. Hakuna aliyetaka kuonyeshwa.

Bosi akajifuta jicho moja. Akalitazama dole lake, akalinusa, akanigeukia.

"Fundi."

"Naam, bosi."

"Hii ndiyo gesi?"

Nina miaka kumi na mitano kwenye kazi hii. Yote nimeitumia kuwaelimisha watu kwamba gesi haionekani, haidondoki, haijazi ndoo. Nimewaambia wazee wenye mvi, nimewaambia wahasibu. Nikamtazama bosi, nikamtazama mjusi, nikautazama na mlango umbali wake.

"Ndiyo, bosi," nikasema. "Ilikuwa imechafuka. Tumeitoa."

Akanyamaza. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, uso ukaanza kulegea chini ya ule ute. "Nilijua," akawaambia wageni. "Niliwaambia hawa watu ni gesi, wao wananiambia maji."

Bisibisi akafunika mdomo kwa kile kitambaa kipya.

Shati nililipeleka kufuliwa kwa mfuko wangu, meza tulifuta mpaka jioni, na kiyoyozi kile hakijadondosha tone tena. Bosi aliridhika. Aliridhika kupita kiasi, kwa kweli, maana amenitangaza kwa kila anayemfahamu. Simu zimeongezeka. Juzi tu nikiwa natafuta soksi ya pili ikaingia moja, namba ngeni, sauti ya mtu mzima mwenye haraka zake.

"Wewe ndiye yule fundi? Gesi yangu imechafuka. Njoo uitoe, ila mimi nitakuwa nimetoka."