Saa za Mwajiri na Saa Zetu Wenyewe

Sisi tuliohamia ughaibuni husifiwa mara nyingi kwamba huku tumejifunza kuuthamini muda. Mimi naona tulichojifunza zaidi ni kuuuza kwa kipimo. Saa ya kuingia kazini na ya kutoka huandikwa, mapumziko huhesabiwa kwa dakika, na mwisho wa mwezi mwajiri anazijua saa alizonunua kwa uhakika mkubwa kuliko sisi tunavyozijua zile zilizosalia. Wiki ina saa 168. Anayefanya kazi saa 40 na kulala saa 8 kila usiku hubakiwa na saa 72, ambazo wachache wetu tunaweza kueleza zinakwenda wapi.

Nyumbani siku hukumbukwa zaidi kwa yaliyofanyika na kwa watu waliokuwapo, nami bado naupenda utaratibu huo. Hata hivyo, pasipopimwa chochote wapo wanaoumia, hasa wanawake, kwa sababu kupika, kufua, kulea watoto na kuuguza wagonjwa huchukuliwa kana kwamba ni mambo yanayojifanya yenyewe. Miongoni mwa Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, lengo la 5 linataka kazi hizo zisizolipwa zitambuliwe na kuthaminiwa, na njia iliyowekwa ya kulifuatilia ni kupima sehemu ya siku ambayo wanawake na wanaume huitumia katika kazi hizo. Kwa hiyo sidai kwamba nyumbani tuliishi vizuri kwa kuwa hatukuhesabu.

Ninachodai ni kwamba karatasi ya mwajiri haitoshi. Katikati ya miaka ya 1960, mwanasosholojia wa Hungaria, Alexander Szalai, aliongoza utafiti wa nchi 12 ambao watu waliandika siku yao nzima, shughuli baada ya shughuli. Njia hiyo ina faida kubwa kuliko kuulizwa tu, "Unafanya kazi saa ngapi kwa wiki?", kwa kuwa wanaotaja saa nyingi sana mara nyingi huwa wamezidisha. Shajara zinazotumika siku hizi katika tafiti za nchi za Ulaya huigawa siku katika vipande vya dakika 10, na kwa kila kipande mwandishi hueleza alikuwa akifanya nini hasa, alifanya jambo gani jingine wakati huohuo, alikuwa wapi, na alikuwa na nani.

Safu ya jambo la pili na ile ya "na nani" ndizo zinazomfaa mhamiaji kuliko zote. Mtu anayepika huku akizungumza na mama yake kwa simu, akiandika shughuli kuu peke yake, ataonekana alipika tu, na mazungumzo yanayomuunganisha na ukoo wake yatapotea katika hesabu. Vilevile atakayeandika kwa uaminifu huenda akagundua kwamba kwa siku nzima, ukiondoa wenzake wa kazini, hakuwa na mtu yeyote. Hilo haliwezi kuonekana katika karatasi ya mahudhurio, wala katika programu ya simu inayohesabu muda wa kutazama kioo, ambayo haijui kama tulikuwa tukisoma, tukibembeleza mtoto aliye mbali, au tukipitisha upweke.

Napendekeza wiki moja tu ya kuandika, siku za kazi na za mapumziko pamoja, na kila jambo liandikwe karibu na wakati lilipotendeka, kwa maana kumbukumbu ya usiku hufuta kusubiri na safari. Wapo wanaohofu kwamba kuandika hivyo ni kuyaingiza maisha yote katika utaratibu wa kiwandani. Hofu hiyo ina msingi iwapo kila dakika itapewa alama ya faida au hasara, jambo ambalo silitaki kamwe. Lakini mwajiri anapotoa zamu ya ziada, hesabu ya malipo yake huwa tayari mezani, na ni haki yetu kuwa na ya kwetu kando yake, inayoonyesha zamu hiyo itachukuliwa kutoka kwa nani.