Kabla ya Kuiandika Makumbusho Katika Wosia

Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji asiye na mfano. Vitabu adimu kuhusu Afrika, barua, vinyago, vito, vitambaa, stempu: nyumba yake ya Muthaiga, Nairobi, ilijaa hazina. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba hiyo pamoja na sehemu kubwa ya vitu vyake kwa bei nafuu, kwa maelewano kwamba pale patakuwa taasisi ya utafiti wa mambo ya Afrika. Taasisi haikuanzishwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, kiwanja kikagawanywa, na mwishowe ikabomolewa, naye akiwa angali hai.

Murumbi aliuza, hakuacha kwa wosia. Hata hivyo kila anayetaka kuachia makumbusho mali yake naona aanze kwa kukitafakari kisa hiki. Ikiwa mtu aliyewahi kushika cheo cha pili nchini, mzima na mwenye kauli, hakuweza kuyalinda maelewano yake, marehemu atayalindaje?

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, na ndio unaonifanya niendelee kuunga mkono utoaji huu. Vitu vyenyewe vipo. Maelfu ya vitabu vyake vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900 vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, pamoja na kazi za sanaa. Vingine viko Nairobi Gallery, lile jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Mwanafunzi asiye na jina wala fedha anaweza kuingia akaviona. Vingeuzwa kimoja kimoja, leo vingekuwa kwenye sebule za matajiri wa ng'ambo, na hakuna ambaye angejua viliwahi kukaa pamoja.

Sasa tugeukie familia, maana hapo ndipo ugomvi huzuka. Chukua nyumba ya Lamu yenye kiti cha enzi cha mzee, cha mpingo na njumu, yaani mapambo yaliyopachikwa, za pembe. Watoto ni watano, kiti ni kimoja. Mzee akikiachia makumbusho, wapo watakaosema amewanyima haki yao; asipofanya hivyo, huenda kikaishia kwa dalali ili pesa zigawanywe. Malalamiko ya watoto si ya kupuuzwa. Sheria ya urithi ya Kenya humpa mtu uhuru wa kuandika wosia, lakini mahakama inaweza kuingilia kati ikiwa wategemezi wake hawakutengewa fungu la kutosha. Kwa Mwislamu mpaka uko wazi zaidi: wosia kwa asiye mrithi hauvuki theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, isipokuwa warithi wenyewe waridhie. Kiti kikizidi theluthi hiyo kwa thamani, kila kitu kitategemea ridhaa ya wale watano. Ndiyo maana siungi mkono siri. Wosia unaofunguliwa baada ya arubaini na kuwashtua watoto hupeleka kiti mahakamani kabla hakijafika makumbusho.

Ushauri mwingi kuhusu jambo hili hutoka Ulaya na Marekani, na huko kodi ina nafasi kubwa. Uingereza hutoza asilimia 40 kwa mali ya urithi inayozidi kiwango kilichowekwa, na sadaka kwa taasisi za hisani haitozwi kabisa. Kenya ilifuta kodi ya urithi mwaka 1982. Hivyo kwetu kigezo hicho hakina uzito. Anayetoa anatoa kwa moyo wake, na warithi hawapati nafuu yoyote ya kuwafuta machozi.

Makumbusho nayo ina hoja zake. Kiti cha mpingo kinahitaji mtu wa kukikagua njumu zisibanduke kwa joto na unyevu wa pwani, na mbao laini zina adui wao, bungua, mdudu anayetoboa mbao. Albamu ya picha zilizopigwa studio Mombasa bila maandishi yoyote nyuma ni fumbo tupu: nani huyu aliyevaa kanzu na koti, harusi hii ni ya nani? Anayejua ni bibi, na bibi akiondoka picha inabaki karatasi. Makumbusho inayokataa zawadi ya namna hiyo haina dharau. Inajua haina rafu, haina mtunzaji wa ziada, na haina habari za kitu chenyewe.

Je, masharti makali yatasaidia? Daktari Albert Barnes, mkusanyaji wa michoro wa Pennsylvania, Marekani, alijaribu. Aliagiza michoro aliyoikusanya ibaki katika taasisi yake ya Merion, nje kidogo ya Philadelphia, ukutani pale pale alipoitundika. Alifariki mwaka 1951. Taasisi yake ikaishiwa fedha, mwaka 2004 mahakama ikaruhusu kuhama, na mwaka 2012 michoro ikafunguliwa kwa umma katika jengo jipya mjini Philadelphia. Wengine waliona huo ni usaliti. Wengine walifurahi kwamba watu wengi zaidi wataiona. Mimi naona Barnes alikosea kuifunga misumari ya ukutani, ila kudai kazi zisitawanywe ilikuwa haki yake. Sharti la kulinda mkusanyiko na nafasi ya watu kuuona lina maana. Sharti la kabati gani na chumba gani litavunjwa tu.

Kwa hiyo anayetaka kutoa naomba aende makumbusho akiwa hai, aonyeshe vitu, na apate barua ya kukubali. Akae na watoto, na ridhaa yao iandikwe. Simulizi zirekodiwe sasa: fundi alikuwa nani, kitu kilinunuliwa wapi, nani alikikalia. Akiweza, aambatishe fedha za matunzo, hata kama ni kodi anayolipwa na mpangaji wa chumba kimoja cha duka kwa miaka michache. Na wosia utaje mlango wa pili: makumbusho ikishindwa kuvipokea, au ikitaka kuviuza, viende kwa taasisi nyingine iliyotajwa kwa jina, au virudi kwa familia. Nakala ya barua ile na orodha yenye picha za kila kitu vikae kwa wasii, yaani msimamizi wa wosia, na nyingine kwa mtoto mmoja aliyekuwepo kwenye mazungumzo.